Mchezaji wa Raga Nyumbani kwa Watu wa Helmeti

Kwa miaka ishirini na moja Alapati alikula chakula cha Jumapili kikiwa kimeshapoa.

Si kwamba alinyimwa. Nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Pelenatete, hakuna aliyewahi kunyimwa chakula, hata kuku wa jirani. Tatizo ni kwamba Alapati alikuwa faiava, mwanamume aliyemfuata mke na kuhamia kwao, na faiava wa kisiwa chetu cha Tutuila ana kazi zake zinazojulikana. Jumapili huamka mapema kuwasha tanuri la mawe, hukuna nazi, hufunga tui ndani ya majani ya magimbi, humwandaa nguruwe. Watu wakirudi kanisani na kukaa mkekani, yeye huwapelekea vyakula huku ameinama, huwaletea maji ya kunawa, kisha husimama nyuma yao na kipepeo cha majani kufukuza nzi. Wakishashiba na kuanza kupiga miayo, ndipo naye huenda kula jikoni.

Wala hakuona kwamba ameonewa. Kwao, kisiwa cha Savai'i, wanaume waliowaoa dada zake walifanya vivyo hivyo nyumbani kwa baba yake, na yeye enzi hizo alikuwa akikaa mkekani akiwaagiza chumvi kwa makusudi, huku chumvi iko mbele yake. Kwa hiyo alipofika Tutuila na kukabidhiwa kipepeo, alijua fika anachokilipia.

Alifika kwa boti akiwa na miaka ishirini na sita, mzito, shingo imeungana na mabega, masikio yamekunjamana kwa kusuguliwa kwenye skramu, pale wanaume wanane wanapopachikana vichwa na wanane wengine na kusukumana. Timu yake ya raga ilikuja kucheza mechi ya kirafiki. Walishinda, wakakaribishwa dansi, na kwenye dansi alikuwepo Fuatino, binti wa Pelenatete, aliyemuuliza kama yale masikio yanasikia. Kesho yake boti iliondoka na wachezaji kumi na wanne. Alapati alipata kazi kwenye kiwanda cha samaki, kukata jodari, na tangu siku hiyo mikono yake ina harufu ambayo Fuatino anasema ameshaizoea. Anasema uongo, lakini ni uongo wa mapenzi.

Maisha hayo yangekuwa matamu kabisa kama si Eneliko.

Eneliko ni kaka yake Fuatino, na nyumba yake iko ua huohuo. Ujanani alipelekwa bara, Marekani, kusoma kwa ajili ya futiboli, ile ya kwetu ya helmeti na mito ya mabegani, isiyohusiana na mguu. Alicheza miaka miwili kwenye ukuta wa mbele, goti likageuka lilipotakiwa kunyooka, akarudi. Siku hizi anatengeneza majokofu. Goti lile lilimwachia mazungumzo ya maisha yake yote, na mahali alipopenda kuyafanyia ni mkekani, Jumapili, akiwa ameegemea nguzo yake, mahali pa heshima, mdomo umejaa nguruwe.

"Raga ni mchezo mzuri," angesema. "Wa kukimbizana. Unafaa kwa afya."

Alapati yuko nyuma yake, anapepea. Anayehudumu hamjibu anayekula. Hiyo ndiyo adabu. Basi alisimama na hoja tisa kichwani na kipepeo mkononi, na hoja zile zilimchoma kuliko mawe ya tanuri. Alizihifadhi mpaka Jumatatu, akamfuata Eneliko kwenye majokofu yake.

"Shemeji, sisi tunapigana dakika themanini, hatusimami," alimwambia. "Nyie mnapigana sekunde tano, mnaenda kunywa maji. Halafu mtu mwingine anakuja kuwafuta jasho."

"Hizo sekunde tano, shemeji, ni kama kugongwa na gari."

"Basi nyie ni watu wa ajali. Si watu wa michezo."

"Na nyie mnaenda bila helmeti kwa sababu hakuna cha kulinda mle ndani."

"Mtu akijua anaumia, anapiga kwa akili. Nyie mkishavaa yale magodoro mnajirusha tu, kama nazi iliyoiva."

"Ndiyo maana goti langu limekufa na lako bado linapanda mnazi. Sasa sema ni mchezo gani mgumu."

Alapati alijua goti la mtu ni ushahidi mzito. Akarudi nyumbani akinuna. Wamebishana hivyo miaka ishirini na moja, na mimi nawaambia hakuna aliyemsogeza mwenzake hata hatua moja.

Sasa, Jumapili moja Mchungaji Ielemia alialikwa chakula. Eneliko akiona mgeni hupanda daraja. Alieleza futiboli kwa kutumia mashelisheli: hili ni mimi, hili ni adui, huu ndio ukuta. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha Eneliko akafuta mikono, akasema, "Mchezaji wa raga, Mchungaji, ni mtu aliyekosa hela ya helmeti."

"Na mchezaji wa helmeti," ikasema sauti nyuma yake, "ni mtu anayepumzika mara mia kwa siku halafu anaita ni kazi."

Gimbi la Pelenatete lilisimama katikati ya sahani na mdomo. Alapati mwenyewe alishtuka, akageuka kumtafuta aliyesema. Fuatino akafumba macho.

Pelenatete ni mwanamke wa miaka themanini na moja, mdogo wa mwili, na anapokasirika huwa mtulivu sana. Alikuwa ametulia sana. Ila Mchungaji, ambaye kwa bahati nzuri ni mtu wa kucheka, alicheka.

"Hili neno mbona ni la uwanjani," akasema. "Jumamosi ijayo vijana wana siku yao ya michezo. Wazee wafungue. Nusu ya kwanza helmeti, nusu ya pili raga. Kila atakayefunga kwa kanuni za mchezo wa nusu hiyo, bao moja. Mimi nitapiga filimbi."

"Nakubali," akasema Eneliko. Akamgeukia Alapati, macho yanacheka. "Shemeji, ukinishinda, Jumapili nawasha tanuri mimi. Nakuhudumia mimi. Wewe unakaa hapa, kwenye nguzo yangu. Nikikushinda, neno raga lisisikike tena kwenye ua huu mpaka uzikwe."

Watu waliangua kicheko, maana kaka wa mke kumpelekea faiava maji ya kunawa ni jambo la kusimuliana mpaka kijiji cha tatu. Alapati hakucheka. Alitazama ile nguzo, na mkeka uliokuwa chini yake. Aliutaka mno ule mkeka. Hakujua kama aliutaka kiasi hicho mpaka ulipotajwa, na aibu ya kuutaka ikamfanya apepee kwa nguvu mpaka kofia ya Mchungaji ikaanguka.

Fuatino alimsubiri jikoni.

"Una miaka arobaini na saba," akamwambia. "Ukivunjika nitakuanika kwenye kamba pamoja na nguo."

"Sitavunjika."

"Mkeka ni mkeka tu, Alapati. Hata hapa upo."

"Najua," akasema. Alijua, na bado aliutaka.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Upande wa Eneliko walikuwa kumi na mmoja, wanaume wa kijiji waliowahi kuvaa helmeti, matumbo yakiwa yametangulia. Upande wa Alapati walikuwa wenzake wa kiwandani, watu wa visiwa vya Savai'i na Upolu, wenye harufu ya jodari na meno pungufu. Wanawake wa kanisa walikaa nyuma ya mstari wa goli upande wa baharini, na Pelenatete katikati yao kwenye kiti cha plastiki.

Shida ya kwanza ilikuwa helmeti. Zilikuwa za kuazima, za vijana wembamba, na masikio ya Alapati hayakuumbwa kwa kitu chembamba. Fuatino aliyapaka mafuta ya nazi, akasukuma juu, mtu mwingine akavuta chini, na helmeti ikaingia kwa mlio. Kama ingetoka au la, hilo lingeonekana baadaye.

Shida ya pili ilikuwa Eneliko mwenyewe. Kwenye mchezo wa kwanza kabisa Mchungaji alipuliza, Alapati akainua uso kutafuta mpira uko wapi, na shemeji yake akamwingia kifuani.

Alapati amepigwa na wanaume wa Savai'i, wa Fiji, wa Tonga. Wote walimpiga ili aanguke. Eneliko alimpiga ili atoke upande wa pili. Alilala chali, akaona minazi miwili mahali penye mmoja, na wazo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba shemeji alikuwa akisema kweli. Miaka ishirini na moja alikuwa akisema kweli. Ilikuwa kama gari.

Tena ubaya wake haukuwa kipigo peke yake. Kwenye raga ukipigwa unainuka unakimbia, maumivu yanabaki nyuma yanakutafuta. Hapa waliambiwa wapange mstari, wasubiri. Mwili ukapoa, kila kiungo kikapata nafasi ya kulalamika, na ulipomaliza kupoa, Eneliko akaja tena. Mara arobaini. Wale wenzake wa kiwandani nao, kila walipokamatwa, walirusha mpira nyuma kwa mazoea, kwa mtu aliyekuwa amekaa akitafuta jino. Walipata bao moja kwenye vurugu hiyo. Wenye helmeti walipata matatu.

Mapumziko wanaume watatu waliivuta helmeti ya Alapati mpaka ikaachia. Eneliko akaja amebeba maji, amepumzika vizuri, uso mkavu.

"Vipi shemeji, mzima?"

"Mzima. Mito yenu laini sana."

Mkono wa kushoto ulikuwa haufungi ngumi. Aliuficha nyuma.

Nusu ya pili wote walivua vifaa, na Eneliko bila mito alionekana kama nyumba iliyoondolewa paa. Mpira ukaanza, akamkamata mtu wa kiwandani kwa ustadi, akamlaza, akainuka, akajipanga kwenye mstari na kusubiri filimbi. Filimbi haikulia. Mpira ulikuwa umeshapita juu ya mgongo wake zamani. Wenzake nao walikuwa wamejipanga, mikono chini, wazuri kwelikweli, na watu wa jodari wakawapita pembeni bila kuwagusa. Bao la pili.

Baada ya dakika ishirini wenye helmeti walikuwa wameshika magoti. Raga haina mlango wa kutokea. Ukiinuka kuna kazi, ukilala kuna kazi. Eneliko alimfuata Mchungaji akiburuta mguu.

"Mchungaji, piga filimbi."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Naomba pumzi tu."

"Pumzi haimo kwenye kanuni, mwanangu. Cheza."

Wakati anaomba, watu wa kiwandani wakapata la tatu. Tatu kwa tatu, na dakika zilizobaki zingeweza kuhesabiwa kwa vidole.

Hapo ndipo Eneliko, aliyekuwa amebaki peke yake nyuma kwa kuchoka, alipoangukiwa na mpira mikononi. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akakimbia. Sijui alikimbia kwa goti gani, lakini alikimbia, na uwanja mzima ukasimama kumtazama mtu wa miaka hamsini akirudi bara. Alapati alimfuata. Kusema alimkimbiza itakuwa kumpamba. Alimfuata, umbali ukizidi kuongezeka, huku akiona mkeka ukienda zake.

Eneliko akavuka mstari. Kwenye futiboli ukivuka umemaliza. Akainua mpira juu ya kichwa, akawageukia wanawake wa kanisa, akacheza. Alizungusha kiuno mbele ya mama yake mzazi. Wenzake huku nyuma walikumbatiana, wakatembea kwenda kwenye ndoo ya maji. Na ili kukamilisha sherehe, Eneliko akaurusha mpira nyuma ya bega bila kuutazama, kama mtu anayetupa mfupa.

Kwenye raga bao si kuvuka. Bao ni kuuweka mpira chini kwa mkono.

Ule mpira ulidunda mara mbili ukasimama miguuni kwa Alapati, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kwa sababu hajui kukimbia. Aliutazama. Akamtazama Mchungaji. Mchungaji alikuwa na filimbi mdomoni na macho yamemtoka, na filimbi haikulia.

Alapati akauokota, akageuka. Uwanja wote ulikuwa mbele yake, mita mia moja, mtupu.

Alianza kwa mwendo wa mtu anayewahi choo. Kilo mia na kumi na tano, mbavu zinasagana, mkono mmoja haufungi. Mchungaji alikimbia ubavuni mwake, kanzu ameikusanya mkononi.

"Mchungaji," Alapati akahema, "nimekosea?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

"Ni mbali."

"Naona."

Walipita kwenye ndoo ya maji. Wenye helmeti walikuwa wanapokezana kikombe. Mmoja akampungia mkono. Walipita katikati ya uwanja. Vicheko vilikuwa vimeanza, kwanza kwa vijana, kisha kwa wote, na katikati ya vicheko ikasikika sauti ya Fuatino ikimwita mume wake kwa majina ambayo si ya kanisani. Zilipobaki mita thelathini mtu wa ndoo akauliza, "Yule anaenda wapi?" Eneliko akaacha kucheza. Akapiga yowe. Wanne wakatupa kikombe na kuanza kukimbia, lakini miguu iliyopumzika ilikuwa imeshaganda, wawili wakaanguka wenyewe. Wa tatu alimfikia Alapati mstarini, akamning'inia shingoni, na Alapati akaanguka naye mbele, goti la kulia likitangulia, mpira chini yake, mkono mzima juu ya mpira.

Nne kwa tatu. Mchungaji alipuliza filimbi akiwa amekaa chini.

Jumapili, Eneliko aliwasha tanuri. Sitaki kumsema vibaya, ila magimbi yalikuwa mabichi katikati na nguruwe alikuwa ameungua upande mmoja tu, upande uliokuwa juu kwenye sahani. Alapati alitoka kanisani na shati jeupe, akaingia, akapita mbele ya watu akiwa ameinama, akafika kwenye nguzo, akakaa.

Mkekani mtu hukunja miguu. Kumnyooshea mkubwa nyayo ni tusi ambalo hata kuomba radhi hakulifuti. Alapati akakunja wa kushoto. Wa kulia ukakataa. Aliusaidia kwa mkono, ukakubali nusu, ukaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Sala ikasomwa, ndefu, na katika sala yote yeye alikuwa akiomba jambo moja tu, nalo lilikuwa la goti.

Kisha Eneliko akaja na bakuli la maji, mgongo umeinama kama inavyotakiwa, akapiga magoti mbele yake.

"Maji, shemeji."

Alapati akanawa. Eneliko hakuondoka.

"Nenda sasa," Alapati akanong'ona.

"Siwezi kuinuka."

"Usinichekeshe, mguu utaniponyoka."

"Nakwambia kweli. Goti limefunga. Niinue."

"Nikikuinua na huu wangu unatoka."

Wakabaki wanatazamana juu ya bakuli, wanaume wawili waliotoa miili yao kwa mipira miwili tofauti na kurudishiwa makapi. Halafu msuli ukamkaza Alapati na mguu ukaruka. Ulilipiga bakuli, ukanyooka, unyayo ukamtazama Pelenatete usoni.

Alapati aliona kila kitu alichokimbilia mita mia kikimwagika pamoja na maji. Akaweka mikono chini ajiinue.

"Nisamehe, Mama. Narudi jikoni. Huku sikuzoea."

Pelenatete alikuwa ametulia sana. Aliinuka polepole, akauvuta mkeka mwembamba aliokuwa ameukalia mwenyewe, akauburuta mpaka kwa Alapati, akaufunika ule mguu. Alipofika gotini alisita, akaliona lilivyovimba, akalifunika pia, taratibu.

"Wanaofunikwa miguu si wazee na wagonjwa tu?" Mchungaji, aliyealikwa tena, akauliza.

"Huyu ni yote mawili," akasema Pelenatete. "Na wewe Eneliko, ukimaliza kupiga magoti, leta chumvi."

Alapati alikula magimbi yale mabichi yote, na akaongezwa.

Jumapili iliyofuata dau lilikuwa limekwisha. Alapati aliamka mapema akawasha tanuri, na nyumba nzima ilishukuru kimoyomoyo. Alipeleka nguruwe, akapeleka majani ya tui, akaleta maji, akasimama nyuma ya Eneliko kama kawaida. Sala ikaisha. Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua chakula, kwa sababu Pelenatete hakuwa ameanza. Alikaa tu, na mkeka mwembamba umekunjwa mapajani mwake.

"Mama, tunangoja nini?" Eneliko akauliza.

"Nangoja miguu," akasema, akimtazama Alapati.

Nafasi ilikuwa imeachwa pale, kati ya Eneliko na nguzo. Alapati akaenda akakaa, akanyoosha mguu, akafunikwa. Alijaribu kusema asante, machozi yakaanza kumtoka mbele ya ukoo mzima wa mke wake na hakujua ayaweke wapi. Eneliko akamwona. Akakohoa, akachukua mashelisheli mawili, akayapanga mkekani, akaanza kusema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba raga ni mchezo wa kukimbizana tu, tena wa watoto, ili kila mtu amtazame yeye.